Bastola Tatu na Chupa ya Alizeti

Vijana wa ghala la silaha, haya nawaandikia ninyi na si mtu mwingine. Nimeshastaafu. Picha nimepigwa, hotuba nimesomewa, dumu la mafuta ya kula nimekabidhiwa mbele ya watu wakapiga makofi, na sasa niko nyumbani Unyambwa nagombana na kuku na upepo unaoangusha ua wangu kila nikiusimamisha. Meneja aliniomba niandike mambo machache ya kuwasaidia mnaobaki. Nadhani alitaka niandike habari za nidhamu na sare safi. Hayo atawaambia mwenyewe, anayaweza. Mimi nitaandika ninachokijua, yaani bastola, na mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini sina raha. Nawaomba jambo moja tu tangu mwanzo: karatasi hizi zisifike Mungaa.

Mtu akijua kwamba nilikuwa fundi silaha wa kampuni ya ulinzi, swali lake ni moja: mzee, bastola ipi ni kali? Harusini naulizwa, msibani naulizwa. Daktari wa macho aliwahi kuniuliza huku kanimulikia tochi jichoni, nikamwambia amalize kwanza jicho. Wote wanataka niwatajie jina moja waende nalo nyumbani kama wamenunua. Zamani nilikuwa napenda sana kujibu. Siku hizi likija swali hilo natafuta sababu ya kuondoka.

Nilianza kama mlinzi wa geti kwenye kinu cha alizeti nje kidogo ya mji. Kampuni ilikuwa na mkataba wa kulinda kinu, na msimu wa mavuno tulisindikiza gari la wanunuzi likienda na fedha kwenye magulio ya vijijini. Kutoka getini nikapelekwa ghalani kumsaidia Mzee Salumu, mwanajeshi mstaafu, mtu mfupi mwenye mikono mipana na maneno machache. Ghala lenyewe mnalijua: chumba cha tofali, dirisha moja la nondo, bati juu lisilo na dari. Saa saba mchana ukiingia unatoka umelowa.

Siku ya kwanza Mzee Salumu alinipa bastola mkononi akaniuliza, "Ina risasi?"

Nikamjibu, "Haina, mzee."

"Umejuaje?"

"Umesema mwenyewe ni ya mazoezi."

Akaichukua taratibu, akanionyesha fagio. Nilifagia uwanja wa kinu mpaka jioni, na uwanja wa kinu mnajua ulivyo, makapi ya alizeti hayaishi. Kesho yake akanipa bastola ileile, swali lilelile. Nikasema sijui. Nikatoa magazini, kikasha cha risasi, nikavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, nikachungulia ndani, nikatia kidole. Ndipo nikasema haina. Akaniambia, "Sasa unaweza kunywa chai." Mpaka leo mtu akinipa hata simu yake huwa nataka kuifungua kwanza nione kama kuna kitu ndani.

Tulikuwa na bastola za aina tatu, na walinzi walikwishazipa majina kabla sijafika. Ya kwanza waliiita Bibi. Ni ya chuma kitupu, nyembamba, nzee, rangi imemtoka ubavuni kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba. Inachukua risasi chache. Mshikio wake umesimama wima, ukilenga unaona kama unanyooshea mtu kidole usichotaka kumnyooshea, na inapolia inakuumiza kiganja. Kuona shabaha kwa vile vidude vyake vya juu ni kazi ya kijana mwenye macho mawili mazima. Lakini Bibi ana nyundo kubwa nyuma na kila kitu ndani yake kimelegea kidogo, vumbi likiingia linapata pa kupita. Nimemwona Bibi aliyeangukia kwenye mchanga wa korongo, akapanguswa kwa shati, akalia. Ubaya wake mkubwa ni usalama: ukimbeba na risasi chemba, yaani imekaa tayari kwenye mtutu, unabeba ugomvi kiunoni.

Ya pili ni Bwana Mkubwa. Nayo ya chuma, nene, nzito, inachukua risasi nyingi. Ukishika Bwana Mkubwa mkono unatulia wenyewe, na ukipiga, ule uzito unameza kishindo chote. Ndiyo iliyokuwa na shabaha nzuri kuliko zote, mtu wa kawaida tu alikuwa akiweka risasi zake mahali pamoja pa kufunikwa na kisahani. Tatizo, kule kuvuta kifyatulio mara ya kwanza ni kugumu na kurefu, halafu mara ya pili kunakuwa kwepesi ghafla, na walinzi wengi risasi yao ya kwanza ilikwenda kwa jirani. Tena ukiivaa kutwa nzima unatembea umeinama upande. Slaidi yake ina sehemu ndogo ya kushika, na mkono wenye jasho unateleza.

Ya tatu ni Plastiki. Nyepesi, mwili wa plastiki ngumu, juu chuma. Haina kufuli la kubonyeza wala nyundo ya kuonekana, ndani yake kuna pini inayokaa kwenye kitundu chembamba na kusukumwa na springi. Kuvuta kwake ni kule kule, ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa hiyo anayejifunza anajifunza jambo moja tu. Ukiilegezea mkono inakwama, ukiishika kwa nguvu inakwenda. Wazee waliidharau wakasema ni ya kuchezea watoto. Mzee Salumu mwenyewe aliigeuzageuza siku ilipofika, akasema, "Hii haina kosa, ila ni safi sana. Inataka mtu safi." Mimi niliipenda. Miaka yote nikaitetea, na mtu akinijia na habari kwamba Plastiki imemkwamia nilimwambia alete mikono yake niione kwanza.

Mkiniuliza basi ipi ni bora, jibu langu la kazini lilikuwa hili: mtu wa geti anayekaa vumbini mpe Bibi, chemba tupu. Mtu wa kusimama benki mpe Bwana Mkubwa. Msindikizaji wa gari, anayeingia na kutoka, anayetakiwa awe mwepesi, mpe Plastiki. Zote zitakutii ukizitunza. Nilikuwa naamini hivyo kabisa.

Mzee Salumu alipoondoka akaniachia funguo, na msindikizaji wangu mkuu wakati huo alikuwa Petro Munna wa Mungaa. Petro alikuwa mkulima aliyeajiriwa. Kila likizo anarudi shambani, na hakurudi kazini mikono mitupu hata siku moja. Atakuja na asali, atakuja na karanga, atakuja na kuku miguu imefungwa, anakukabidhi huku anaangalia pembeni kama anakurudishia kitu chako. Aliimba besi kwenye kwaya ya kanisani kwao na akiwa ghalani anasafisha silaha alikuwa anavuma ile besi yake bila wimbo wowote. Kwa Plastiki hakuwa na mpinzani. Alikuwa na mkono mgumu wa jembe, hajui kulegeza. Kila asubuhi kabla ya kupanda gari anasimama mbele ya pipa la mchanga, anaelekeza mtutu humo, anakoki, yaani anavuta slaidi risasi iingie chemba, anaikagua, ananionyesha, ndipo anaivaa. Sikuwahi kumkumbusha.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Mafuta ya silaha yalikuwa yanaletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, vikopo vidogo. Akaja meneja mpya, si huyu wa sasa, mtu wa kuuliza kila kitu kina ulazima gani. Mafuta yakaanza kuchelewa. Nikaomba, nikaambiwa yako njiani. Nikaomba tena, nikaambiwa mzee una haraka gani, mbona zinalia. Wakati huohuo nikatumwa Itigi kuanzisha ghala la lindo jipya, kazi ya wiki kadhaa. Kabla ya kuondoka nikawaambia walinzi: mafuta hakuna, zipanguseni kwa kitambaa kikavu, kwenye uchafu mgumu tumieni mafuta ya taa kidogo na mpanguse, basi. Msipake kitu kingine.

Niliondoka, bastola zikakaa kavu, na Petro zikamuuma roho. Mtu wa shamba hawezi kuona chuma kikavu, hata jembe lake analipaka. Siku za mapumziko akaenda Mungaa, akarudi na chupa ya alizeti, mafuta ya shambani kwake mwenyewe, yaliyokamuliwa na kuchujwa mpaka yanang'aa kama chai ya rangi. Akaiweka rafuni ghalani. Juu yake akabandika karatasi: YA SILAHA, MSIKAANGIE CHIPSI. Meneja alipita akaiona, akafurahi sana, akasema huo ndio ubunifu anaoutaka. Walinzi wote wakapaka, na bastola ziling'aa kuliko nilivyowahi kuzing'arisha mimi.

Alizeti ukiyapaka leo, leo ni mafuta. Mwanamke yeyote wa Singida anajua yanavyokuwa baadaye: angalia mdomo wa dumu lililokaa, angalia ukingo wa kikaango ambacho hakikusuguliwa, ile rangi ya njano inayonata ambayo kucha haiitoi. Mafuta yale yanakauka yakawa gundi. Yaweke chini ya bati letu, mchana kutwa, siku baada ya siku, unapata gundi upesi zaidi. Bibi hakujali, ile nyundo yake ingepasua hata ugali wa jana. Bwana Mkubwa akawa mzito kidogo, walinzi wakadhani ni uzee. Lakini Plastiki, na kile kitundu chembamba cha pini, ilikuwa inajazwa gundi taratibu kila ilipopakwa, na kwa nje inameremeta.

Aliyenisimulia yaliyotokea ni dereva, kwa sababu yeye alikuwepo. Walikuwa wanakwenda gulio la Issuna, asubuhi ya jua kali, alizeti imevunwa kila mahali na watu wana mizigo barabarani. Kwenye kona moja wakakuta mawe yamepangwa. Dereva akasimama. Wakatoka watu na mapanga kwenye mtama mkavu. Petro akashuka upande wake, akachomoa, akasimama vizuri kama alivyofundishwa, akawaambia walale chini. Wakaendelea kuja. Akavuta. Dereva anasema alisikia kitu kama mtu amebofya kalamu. Petro akaiangalia. Akakoki upya, risasi ya kwanza ikaruka ikaanguka mchangani, akavuta tena. Kalamu tena. Hapo wakawa wameshafika.

Walimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko, na kichwani, na kwenye paja. Walichukua mfuko wa fedha wakaondoka wakitembea, wala hawakukimbia. Dereva alimfunga Petro kwa mkanda wa suruali na kumwendesha hospitali. Petro alipona. Nikisema alipona namaanisha hakufa.

Nilirudi kutoka Itigi kwa basi la kwanza nililopata. Bastola iliporudishwa ghalani niliifungulia kwenye meza ileile ya Mzee Salumu. Ilinukia jikoni. Kweli kabisa, ilinukia kama jikoni kwa mke wangu. Pini niliisukuma kwa kidole ikaenda taratibu na kusimama katikati ya njia, imenata. Na ndani ya chemba ilikuwemo risasi. Kwenye kitako chake, pale katikati panapogongwa, palikuwa na alama ndogo, kidoa tu, kama mtu amejaribu kucha. Pini ilikuwa imefika, lakini imefika imechoka. Risasi haiwaki kwa kuguswa. Nikainua macho nikaiona chupa rafuni, na karatasi yake, mwandiko wa Petro. Nilikaa pale kwenye kiti mpaka mlinzi mmoja akaja kuniuliza kama naumwa.

Nikaenda kwa meneja na risasi ile mkononi. Nikamweleza.

Akasema, "Mzee Ntandu, mafuta ni mafuta. Tunayala na hatufi."

Nikamwambia, "Bosi, hatuna pini tumboni."

Hakucheka. Akasema wageni wanakuja, watu wa makao makuu na wa bima, watataka kuona silaha zinajaribiwa, aina zote tatu, ili ijulikane ipi ni mbovu ibadilishwe. Nikamwambia vizuri, zijaribiwe kama zilivyo, nisiziguse, tutaona zote. Akanijibu kwamba haiwezekani kuwaonyesha wageni silaha chafu. Nilipofika asubuhi ya majaribio nikakuta ameshawaamuru walinzi waziloweke zote kwenye mafuta ya taa na kuzisugua. Chupa ya Petro haikuwepo tena rafuni. Sikupata kuiona tena.

Tukaenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto tunakofanyia shabaha. Bibi akalia. Bwana Mkubwa akalia. Plastiki ikalia, magazini baada ya magazini, bila kukwama hata mara moja, na mpigaji nilikuwa mimi, kwa mkono wangu huu huu. Nadhani sijawahi kupiga vizuri vile. Kila risasi iliyolia ilikuwa inamzika Petro, nami nasikia. Mgeni mmoja akasema kwa upole, bastola ni nzima, basi tatizo ni mtu. Nikatoa ile risasi yenye alama nikawaonyesha, nikaeleza habari ya gundi. Meneja akasema risasi nayo huenda ikawa mbovu, na mzee Ntandu anampenda sana Petro, jambo ambalo ni zuri. Wakatikisa vichwa. Wakapanda gari.

Basi ikaandikwa kwamba mlinzi alizubaa. Midomo ya watu ikarahisisha zaidi, ikawa Petro hakukoki. Dereva hakuna aliyemuuliza, na walinzi waliopaka mafuta yaleyale kwa mikono yao walikaa kimya, kila mmoja ana watoto. Baadaye likawa neno la kazini kabisa. Mtu akisahau funguo, akisahau filimbi, wanamwambia umefanya Petro. Ninyi wenyewe mnalisema. Nimewasikia mkilisema na hamjui mnamsema nani, na kila mara nilitamani kuwazaba kibao.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mwenyewe. Nilikwenda kumwambia. Alikuwa bado wodini, kichwa kimefungwa, mkono umeishia pale ulipoishia. Nilikuwa nimejipanga maneno. Kabla sijakaa akasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Kaka, nimekuangusha. Nadhani sikukoki. Najaribu kukumbuka pipa la mchanga asubuhi ile, silioni. Nashukuru tu nilileta yale mafuta. Angalau silaha yako ilikuwa safi, lawama isije kwako. Kosa ni langu peke yangu."

Niambieni ninyi, pale mngesema nini. Ukimwambia hukusahau, atauliza kilichotokea. Ukimwambia kilichotokea, umemwambia kwamba mkono wake ulikatwa na chupa aliyoibeba mwenyewe kutoka kwao kwa wema. Nikamwambia, "Ulikoki, Petro." Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtu anayekufariji.

Tangu hapo nimekuwa nakwenda Mungaa kila nipatapo nafasi. Mkewe, Maria, ndiye analima. Petro anakaa barazani, anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, gunzi kalibana kwa magoti. Kwaya aliacha. Na kila nikienda, tukishamaliza habari za mvua na za mifugo, ananiuliza: hivi kaka, nilikoki? Anauliza kama mtu anayeuliza saa. Namjibu ulikoki. Anasema haya. Maria aliniambia kwamba hata usingizini mkono wa kushoto unavuta kitu hewani, unavuta na kuachia.

Meneja yule alihamishwa kwenda mahali pazuri zaidi. Mafuta ya silaha yakaanza kuja, yakaja vizuri kwa muda, kisha yakaanza kuchelewa tena. Kampuni ikauza Plastiki zote ikaleta za aina nyingine, kwa sababu jina lilikwishaharibika hata kama walisema ni nzima. Hizo mpya ndizo mnazo. Nazo zina pini kwenye kitundu chembamba.

Mwezi uliopita wakaniaga. Zawadi ya kinu ikawa dumu la alizeti, ambalo ndilo zawadi ya kila anayestaafu hapa, na aliyelichagua hakuwa na nia mbaya. Nililitazama pale meza kuu wakati mtu anaeleza jinsi nilivyo hazina. Kesho yake nikalipakia kwenye bodaboda, nikapanda basi, nikaenda nalo Mungaa. Nilijiambia sasa mimi si mtu wa kampuni tena, nitamwambia Petro ukweli wote, afe nao au apone nao, lakini asiendelee kukaa na swali lile.

Maria alilipokea dumu akashukuru sana, akasema shemeji umetuokoa, ya mwaka huu tumeuza yote. Akamimina kidogo kwenye kikaango, akaanza kukaanga mboga ya kula na ugali. Harufu ikatufikia barazani. Petro akavuta pumzi akasema, "Mazuri haya. Ya kwetu lakini yalikuwa mepesi zaidi, unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

Akauliza habari za mvua ya Unyambwa. Akauliza kuku wangu. Kisha, "Hivi kaka, nilikoki?"

Nikamwambia, "Petro, sikiliza vizuri, leo sikufariji. Nilifungua ile bastola mwenyewe. Ndani ya chemba kulikuwa na risasi. Kitakoni ilikuwa imegongwa, ina alama. Risasi haifiki chemba bila kukoki, na haipati alama bila mtu kuvuta. Ulikoki asubuhi, ukavuta. Ukakoki tena mbele ya watu wenye mapanga, ukavuta tena. Wengine wote tungekimbia."

Gunzi lilimtoka magotini. Akasema, "Alama?"

"Ndogo. Katikati kabisa."

"Kwa hiyo nilikoki."

"Mara mbili."

Maria alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Petro aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na akalia kwa sauti ile ya besi ambayo sikuwa nimeisikia tangu zamani. Hatukumgusa. Alipotulia akajifuta kwa kiganja cha mkono wake mmoja, akanitazama. Nilijua kinachokuja, maana hata mimi ningeuliza.

"Sasa kaka, kwa nini haikulia?"

Kutoka jikoni mafuta yalikuwa yanachachatika. Yeye ananitazama usoni, amekaa wima, mtu aliyerudishiwa kitu chake. Na mimi kinywani nilikuwa na jibu la kumnyang'anya tena.

Nikasema, "Ilikuwa mbovu. Plastiki ni mbovu, Petro. Aina yote ile ni mbovu. Ungekuwa na Bibi ingelia."

"Wewe si ndiye uliyekuwa unasema haina kosa? Ulitugombeza wote."

"Nilikosea."

Akacheka. Machozi hayajakauka, akacheka mpaka akashika ubavu. "Mzee mzima," akamwambia Maria, "maisha yake yote ghalani, kumbe hajui bastola."

"Sijui," nikasema. Tukaletewa ugali, tukala. Mboga ilikuwa tamu.

Basi vijana, hilo ndilo nililojifunza kazini, na ningefurahi sana kama ningekuwa na lingine. Mtu akiwauliza bastola ipi ni bora, mjibuni mpendavyo. Ila mtu wa Mungaa mwenye mkono mmoja akiwauliza, Plastiki ni mbovu, fundi Ntandu kasema, na neno lile la kufanya Petro mliache. Ninyi wenyewe mnaujua ukweli sasa. Kopo nililowaachia rafuni lina mafuta ya silaha kidogo tu, chini kabisa, ukilitikisa linasikika kwa mbali. Nimeomba mengine kabla sijaondoka. Meneja kasema yako njiani.